Logi na antilogi kwa op-ampu na dayodi: funga mwenyewe mezani, ila jihadhari na jua la Dodoma

Nilitengeneza kipima mwanga kwa ajili ya shamba la zabibu la mjomba kule Hombolo, Dodoma. Kiboksi cha plastiki, fotodayodi juu (dayodi inayotoa karenti ikipigwa na mwanga), ndani op-ampu moja (aisii ya kukuza volti) na dayodi moja, nikakifunga kwenye nguzo tangu asubuhi. Saa tatu kikasoma vizuri tu. Saa saba mchana, jua la utosi, lile ambalo hata mbuzi wanagombania kivuli, kikaniambia mwanga umepungua. Mjomba akaangalia mita, akaangalia jua, akanigeukia, "Mjomba, hiki kidude chako umekipitishia mvinyo?"

Nilicheka ila roho iliniuma. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba kidude hakikukosea, kilikuwa kinapima vitu viwili kwa pamoja, mwanga na joto, na mi nilikuwa nakihesabia kimoja. Hiyo ndo habari nzima ya saketi za logi, mengine yote ni rahisi kuliko yanavyoonekana, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza kwa nini ujisumbue na logi. Usiku wa mbalamwezi, mwezi ukiwa mzima, mwanga unaofika chini ni kama laksi 0.2 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga). Mchana wa jua kali ni kama laksi 100,000. Hiyo ni tofauti ya mara laki tano. Sasa ukitumia saketi ya kawaida ya kukuza, ukaipanga jua la mchana litoe volti 5, mbalamwezi itakupa maikrovolti 10, ambayo mita yako ya kawaida haiioni kabisa, na ukiipanga ione mwezi basi ikifika asubuhi tu op-ampu imeshagonga dari, yaani imefika mwisho wa volti inazoweza kutoa. Logi inabana hiyo safari yote, kila mwanga ukiongezeka mara kumi volti inapanda hatua moja ile ile, iwe ni kutoka 1 kwenda 10 au kutoka 10,000 kwenda 100,000. Hatua tano na kitu, umemaliza kutoka mbalamwezi mpaka jua la utosi.

Waliosoma kidato cha pili na kile kijitabu cha majedwali, tulichokuwa tunakiita foo figa, wanakumbuka. Unataka kuzidisha namba mbili mbaya, unatafuta logi ya kila moja, unajumlisha, afu unarudi kwenye jedwali la antilogi kusoma jibu. Huyo mzee wa Uskoti, John Napier, alitoa hilo wazo mwaka 1614 na watu wakakaa miaka kadhaa wanahesabu majedwali kwa mkono. Kumbe dayodi ya bei ya pipi ina jedwali zima ndani yake bila kuhesabiwa na mtu.

Inakuwaje? Dayodi ukiisukumia volti upande wake wa kupitisha, karenti haiongezeki taratibu kama kwenye rizista. Inaongezeka kwa kuzidishwa. Kwenye dayodi kamilifu, joto la nyuzi 25, kila ukiongeza milivolti 59 karenti inazidishwa mara 10. Ukiongeza milivolti 18 tu karenti inakuwa mara mbili. Fomyula yenyewe ni

I = Is × e^(V ÷ Vt)

Hiyo Is ni karenti ndogo sana ya asili ya dayodi husika, na Vt ni volti ya joto, ambayo inatokana na joto lenyewe la dayodi, kwa nyuzi 25 ni kama milivolti 25.7. Weka alama hapo kwamba joto limo ndani ya fomyula, hatujaliongeza sisi. Dayodi halisi zina namba nyingine inayozidisha Vt, tuite n, kwa dayodi ya kawaida ya 1N4148 ni kama 1.75, ndo maana yenyewe hatua yake kwa kila mara kumi ni karibu milivolti 100 badala ya 59.

Ukigeuza hiyo fomyula, yaani ukiilazimisha karenti ipite afu usome volti, unapata volti = logi ya karenti. Basi. Kazi iliyobaki ni kupata kitu cha kuilazimisha karenti ipite kwenye dayodi bila kuingiliwa, na hapo ndo op-ampu inaingia.

Op-ampu ina miguu miwili ya kuingizia, hasi na chanya, na mmoja wa kutolea, yaani tokeo. Tabia yake ni moja, ikiwa na njia ya kurudisha kutoka tokeo mpaka mguu wake hasi, itafanya kila linalowezekana mguu hasi uwe sawa na mguu chanya. Mguu chanya ukiupeleka graundi, mguu hasi nao unakuwa kama graundi, volti 0, ingawa haujaungwa huko. Ukiweka rizista ya kilo-om 10 kutoka kwenye ingizo lako mpaka mguu hasi, volti 1 ya ingizo inaleta maikroampea 100, na hiyo karenti haiwezi kuingia kwenye op-ampu, inabidi ipite kwenye dayodi uliyoweka kwenye njia ya kurudisha. Op-ampu inashusha tokeo lake mpaka dayodi ikubali kupitisha hizo hizo maikroampea 100. Volti ya tokeo ndo logi yako, kwa alama ya hasi:

Vout = −n × Vt × ln(Vin ÷ (R × Is)), ambapo Vin ni volti ya ingizo, Vout ni ya tokeo na R ni ile rizista

Sasa funga. Umeme unatakiwa wa pande mbili, chanya na hasi, chukua betri mbili za mstatili za volti 9 uziunge mfululizo, katikati ndo graundi. Kama una op-ampu ya 741, mguu 7 unaenda chanya ya betri, mguu 4 hasi ya betri, mguu 3 (ndo ule mguu chanya) graundi, mguu 2 (ndo ule mguu hasi) unapokea rizista ya kilo-om 10, mguu 6 ni tokeo. Dayodi 1N4148 anodi yake kwenye mguu 2, kathodi, ule upande wenye mstari mweusi, kwenye mguu 6. Ukigeuza dayodi hutaunguza kitu ila tokeo litakaa limegonga kwenye volti −7 au −8 na utaanza kulaumu aisii bure.

Lisha volti 10 kwenye ingizo, kutoka chanzo cha nje au hata hiyo betri ya volti 9 yenyewe, afu 1, afu 0.1. Betri na volyumu ndogo (rizista inayobadilika) ya kugeuza kwa bisibisi inatosha kupata hiyo 1 na 0.1. Utaona tokeo kama −0.6, −0.5, −0.4. Ingizo limeshuka mara mia, tokeo limeshuka milivolti 200 hivi. Ukishaona hivyo kwa macho yako umeelewa logi ya umeme kuliko mtu aliyekariri kurasa 10.

Watu wengi wanaishia hapo na hapo ndo mi niliishia na kiboksi cha Hombolo. Dayodi ya kawaida ina kasoro zake, ile n haiko sawa kwenye karenti zote, kwa hiyo mstari wako unapinda taratibu. Badala yake tumia transista, yenyewe ina miguu mitatu, kolekta, besi na emita. BC547 yoyote, au 2N3904. Kolekta unaipeleka mguu hasi wa op-ampu, besi unaipeleka graundi, emita unaipeleka tokeo. Ikifungwa hivi transista inafuata fomyula karibu kabisa na n ya 1, na inafuata kwa safari ndefu, kutoka nanoampea chache mpaka karibu miliampea 1. Kwa rizista ile ile ya kilo-om 10, volti 10 inakupa kama −0.64, volti 1 kama −0.58, volti 0.1 kama −0.52, milivolti 10 kama −0.46. Hatua ya milivolti 60, safi, unaweza kuipima kwa mita ya elfu kumi na tano. Angalizo la miguu, BC547 ukiiangalia uso bapa, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita, ila 2N3904 ni kinyume, emita, besi, kolekta. Nimeshapoteza jioni nzima kwa hilo, na umeme wa Tanesco siku hiyo ulikuwepo, kwa hiyo sina hata wa kumsingizia.

Transista ina mambo mawili ya kuitunza ambayo dayodi haikuuliza. La kwanza, yenyewe inakuza, kwa hiyo op-ampu inaweza kuanza kutetemeka yenyewe, tokeo linakuwa na mawimbi ambayo mita yako inayaonyesha kama namba isiyotulia. Weka rizista ya kilo-om 1 kati ya mguu wa tokeo na emita, na kapasita ya pikofaradi 100 kutoka mguu wa tokeo wenyewe kurudi mguu hasi. Baada ya hapo logi yako unaisoma kwenye emita, siyo kwenye mguu wa op-ampu tena, maana ile kilo-om 1 inaongeza volti zake. La pili, ingizo likienda hasi kwa bahati mbaya, karenti haina njia, op-ampu inapandisha tokeo mpaka juu kabisa na kuisukuma emita kinyume, na BC547 inavumilia volti 6 tu upande huo. Chukua ile 1N4148 uliyoitoa, anodi kwenye emita, kathodi graundi. Wakati wa kazi ya kawaida imelala tu, ikitokea ajali inaamka.

Na usiulize logi ya sifuri. Ingizo likiwa sifuri kabisa, tokeo linaonyesha makosa ya op-ampu yenyewe, siyo kitu chako.

Antilogi ni kugeuza vitu mahali. Kile kilichokuwa kwenye njia ya kurudisha kinakuja kwenye ingizo, na rizista inaenda kwenye njia ya kurudisha. Yaani op-ampu ya pili, mguu chanya graundi, rizista ya kilo-om 10 kutoka tokeo mpaka mguu hasi, BC547 nyingine kolekta kwenye mguu hasi, besi graundi, na emita ndo ingizo. Unaipa volti hasi, mfano −0.58, transista inavuta maikroampea 100 kupitia ile rizista, tokeo linapanda mpaka volti 1.

Umeona ilikoelekea? Emita ya saketi ya logi inatoa −0.58 wakati ingizo ni volti 1. Iunge moja kwa moja na emita ya antilogi. Unaweka volti 1 huku, unapata volti 1 kule, unaweka 0.2, unapata 0.2. Mtu akipita atakuuliza umefunga op-ampu mbili na transista mbili ili upate kile kile ulichoweka, na kwa kweli hana kosa, ila fanya hivi. Acha volti 1 ikae, afu shika transista ya kwanza kwa vidole viwili, vidole vyenye joto. Tokeo litaanza kushuka, 0.95, 0.9, 0.8, linaendelea. Achia, linarudi. Shika ya pili, linapanda.

Hapo ndo nilikielewa kile kiboksi. Kwa karenti ile ile, volti ya besi na emita inashuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa sababu Is inakimbia sana joto likiongezeka. Kwenye antilogi milivolti 2 siyo kitu kidogo, ni asilimia 8 ya tokeo. Sasa hesabu ya Hombolo: kutoka saa tatu mpaka saa saba tuseme mwanga uliongezeka mara moja na nusu, kwa ile 1N4148 hiyo ni milivolti 18 kupanda. Kiboksi cha plastiki kimekaa juani, ndani joto limepanda nyuzi 15 kirahisi, hiyo ni milivolti 30 kushuka. Jumla imeshuka 12. Mita inasema kiza kinaingia saa saba mchana. Ungekuwa Dar joto la usiku na mchana halipishani sana labda usingegundua mapema, ila huku kwetu Julai asubuhi unavaa sweta na mchana unatafuta kivuli, saketi ya namna hii inaumbuka siku ya kwanza.

Dawa unayo tayari mezani, ni zile transista mbili. Chukua mbili zinazofanana, zikipata joto zipate pamoja, halafu usome tofauti yao badala ya volti ya moja. Is ya huku inakatana na Is ya kule. Zipangishe uso bapa kwa uso bapa, gundi ya supaglu, zungushia karatasi ya foili, na kuzifananisha siyo kazi ya maabara. Nunua BC547 kumi zilizokatwa kwenye mkanda mmoja, kila moja unganisha kolekta na besi, ipe karenti kutoka betri ya volti 9 kupitia kilo-om 100, soma volti, usizishike kwa mkono wakati unapima, subiri zitulie, chukua mbili zilizopishana milivolti 1 au chini. Zikipishana kidogo usilie, hiyo inakuwa ni kuzidisha kwa namba moja isiyobadilika, unairekebisha kwa volyumu ndogo kwenye ile kilo-om 10 ya antilogi. Rudia jaribio la vidole zikiwa zimegundishwa, tokeo litatikisika kidogo na kurudi palepale.

Kinachobaki ni Vt, yenyewe haikatani, inafuata joto la kelvini. Usiku wa nyuzi 15 hatua yako ni milivolti 57.2, mchana wa nyuzi 32 ni 60.5. Karibu asilimia 6. Wanaotaka usafi zaidi wanaweka kwenye hatua ya kukuza rizista maalumu ya joto yenye mabadiliko ya asilimia 0.33 hivi kwa kila nyuzi ili inyonye hiyo, mi kwa shamba la zabibu niliona siyo lazima.

Op-ampu ipi? Kwa kujifunza, 741 inatosha, ukiwa na volti kuanzia 0.1 kwenda juu. Chini ya hapo makosa yake ya milivolti 1 au 2 yanaanza kula ingizo lako, milivolti 2 kwenye milivolti 10 ni asilimia 20. LM358 na ile 4558 unayoing'oa kwenye sabufa mbovu ni nzuri kwa mambo mengine, ila miguu yao inanyonya makumi ya nanoampea, sasa unataka kupima nanoampea 2 za mbalamwezi wakati mlangoni kuna mtu anachukua 40? TL072 au TL074 miguu yake inanyonya pikoampea tu, na zinapatikana kwenye mikisa za zamani za kanisani na kwa wauza vipuri. Hizo ndo chukua.

Kuzidisha namba mbili kwa umeme sasa unaweza kukisia mwenyewe. Logi mbili, zijumlishe kwa op-ampu, ondoa logi ya karenti ya rejea (karenti moja isiyobadilika ya kulinganishia) ili Is zote zikatane, peleka antilogi. Ukigawa logi kwa mbili kabla ya antilogi umepata kipeuo cha pili. Ni foo figa ile ile.

Kipima mwanga kipya kina TL074 moja, op-ampu nne ndani ya aisii moja. Ya kwanza ni logi ya mwanga, fotodayodi BPW34 anodi kwenye mguu hasi moja kwa moja bila rizista, kathodi graundi. Hii fotodayodi inatoa kama maikroampea 70 kwa laksi 1,000, kwa hiyo jua la mchana lingetoa miliampea 7 ambazo ni nyingi mno kwa transista yetu, nikaifunika na matabaka ya karatasi nyeupe mpaka mwanga ukapungua mara kumi hivi. Ya pili ni logi ya rejea, maikroampea 10 kutoka TL431, kale kadude ka miguu mitatu ka kwenye chaja mbovu za simu, kenyewe unganisha mguu wa rejea na kathodi, kapitishie kilo-om 2.2 kutoka betri, kanashika volti 2.5 hata betri ikichoka kidogo, afu kilo-om 240 na volyumu ya kilo-om 20 mfululizo. Ya tatu inatoa tofauti ya emita mbili na kuikuza mara 16, rizista za kilo-om 10 na 160, inatoka karibu volti 1 kwa kila mwanga ukiongezeka mara kumi. Ya nne haina kazi, mguu chanya niliupeleka graundi na mguu hasi nikauunga na tokeo lake ili isipige kelele.

Na kiboksi nilikipaka rangi nyeupe nikakitoboa matundu chini, maana hata hesabu ikiwa nzuri hakuna sababu ya kuoka vipuri. Nilikirudisha juu ya nguzo ile ile Jumamosi iliyofuata. Saa tatu volti 1.6, saa saba 1.8. Mjomba alisoma namba, akaangalia jua, akasema sasa kimepata fahamu, afu akauliza kama kinaweza kumwambia lini azifunike zabibu zisiliwe na ndege.